Bihi na Siku Isiyo na Wingu

Bihi u-Addi alililinda jua miaka kumi na tisa, kwenye kituo kilicho mlimani juu ya kijiji chao, huko Atlasi. Kila alfajiri alifungua kuba, akapangusa kioo, akakielekeza juani, na habanduki mpaka jua lizame. Jua hutetemeka, kila mtetemo kama dakika tano hivi, na wataalamu huusoma wapate kujua yaliyomo tumboni mwake, kama mnunuzi anavyogonga tikiti maji sokoni. Ila hawataki pengo katika vipimo; hata usiku vituo vya ng'ambo hupokea zamu. Pengo likiingia, hesabu huwaletea mitetemo ambayo haipo. Bihi, aliyeacha shule darasa la nne, alijivunia kutowapa pengo, na mimi sioni ubaya wa mtu kujivunia kazi yake.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kiangazi. Saa za nchi nzima zikarudishwa nyuma saa moja, kama kawaida ya mfungo. Bihi akarudisha ya ukutani, akarudisha ya mkononi, na kwa umakini wake akarudisha na ya chombo kipya cha kurekodi mitetemo, kwa mkono, sekunde akizikisia.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, dada yake Itto akapiga simu.

"Mama ametutoka, Bihi. Tunazika baada ya adhuhuri. Shuka."

Angani hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

"Mwenzangu wa zamu yuko Marrakesh, Itto. Siwezi kuliacha jua hivi hivi."

"Jua ndilo lililokunyonyesha?"

Hakushuka. Alilia na tambara la kioo mkononi, na mama yake akazikwa bila yeye.

Baada ya Idi akapanda mhandisi Zniber, kafura.

"Nani kagusa saa ya chombo?"

"Mimi. Si ilikuwa Ramadhani?"

"Chombo kinafunga, bwana wee? Saa moja ningeirekebisha. Hizo sekunde zako za kukisia ndizo zimeniua! Mwezi mzima tunautupa."

"Hata ya kumi na saba?"

"Mzima, nimekwambia."

Arobaini ilisomwa nyumbani kwa Itto, ambaye hakuwa amesema na kaka yake tangu siku ile ya simu. Alimwekea kuskusi, akasimama mbele yake.

"Haya, niambie. Angalau siku ile iliwafaa hao watu wako?"

"Iliwafaa mno," Bihi akasema. "Wameisifu."

Itto akajifuta machozi, akamsogezea kipande kikubwa cha nyama.

"Basi nimekusamehe, kaka. Kula."

Akala. Msamaha ule hakuustahili, na hakuwa na moyo wa kuurudisha.