Bundala Alinipimia Valvu

Wewe cheka tu. Waliocheka kabla yako nimeshawazoea. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho yangu hayakuishia huko, na niliyoyaona Kiseke saa saba mchana, jua linawaka, sikuyaota.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu Mwanza alijiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na pikapu ya turbo, nabeba sangara kutoka mwaloni Magu, mitumbwi inakoshusha samaki, napeleka kiwandani. Siku hiyo gari likakosa nguvu njiani, kila kilima linalia kama ng'ombe mgonjwa. Nikajua ni valvu ya turbo, kile kidude kinachoamua turbo isukume upepo kiasi gani kwenye injini. Nyuma nina samaki, barafu inayeyuka, na kiwandani samaki akishalegea hawampokei.

Nilipofika Kiseke nikaingia kwa Shija. Namtaja jina, Shija muuza spea, na akisoma haya asome vizuri. Akanimwagia mezani valvu nne za mitumba, zimefanana kama mayai.

"Chagua, mkubwa."

"Nachaguaje? Hazina hata namba."

"Kwani mke ulimchagua kwa namba?"

Valvu ikiwa laini inamwaga upepo mapema, gari halipandi. Ikiwa ngumu inaubana mpaka injini inapasuka. Mafundi wetu wakati ule hawakuwa na kipimo. Walipuliza kwa mdomo, wakisikiliza inaachia wapi. Bingwa wa kupuliza alikuwa Bundala, mdogo wake Shija, rafiki yangu, aliyenifundisha kila ninachojua kuhusu gari. Lakini Bundala tulishamzika mwaka mmoja kabla. Jeneza nilibeba mimi, kwa bega hili.

"Nina fundi huko nyuma," Shija akasema. "Atakupimia. Ila usimsemeshe, ni bubu."

Akatoka mtu nyuma ya pazia la magunia, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Akachukua valvu ya kwanza, akapuliza. Mashavu yakajaa, mishipa ya shingo ikasimama, na niamini, hakukutoka sauti wala pumzi. Ya pili, hivyo hivyo. Nikajisemea, fundi gani huyu? Ndipo akainua uso, nikaona kovu chini ya jicho. Feni ya injini ilimkata pale mbele yangu, damu niliifuta mimi. Alikuwa Bundala.

Ungefanya nini? Wazee wetu wanasema msukule, yule aliyezikwa kumbe wachawi wamemficha awatumikie, ukimwita jina lake na la baba yake, mbele ya aliyemficha, kifungo kinakatika. Jina lilishafika kwenye ulimi. Bundala akaniwekea valvu ya tatu kiganjani, akanifumba vidole kimoja kimoja, vyake vina ubaridi wa barafu, akasema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya kisima:

"Leah hajambo?"

Leah ni mke wake.

"Bubu wako kasema," nikamwambia Shija.

"Bubu hasemi." Hakunyanyua hata sauti. "Unataka valvu au unataka maneno? Maana vyote viwili sitoi."

Nikachagua valvu.

Na ilikuwa ndiyo yenyewe! Gari lilipanda kama limetoka kiwandani jana. Sangara walipokelewa wote, hakukataliwa hata mmoja.

Siku tatu nilikaa kimya. Ya nne nikamwambia Leah, tukaenda na kaka zake. Nyuma ya pazia tulikuta jamvi na sahani ya pumba, chakula wanachopewa misukule. Shija akacheka, "Nafuga kuku, mashemeji." Kuku hatukumwona. Bundala hakuonekana tena.

Leah hakulia. Aliniuliza tu, "Alikushika mkono, na wewe ulikuwa na mdomo?" Tangu siku hiyo salamu yangu haiitikii. Kila gereji inayofunguliwa, Butimba mpaka Magu, anaingia bila hodi na kufunua mapazia. Watu wanamwita kichaa. Mimi najua si kichaa, na nikimwona navuka barabara.

Aliyemficha Bundala ni Shija, hilo sitalifuta. Aliyemwacha pale ni mimi.

Kwa hiyo sikia, wewe unayecheka. Ukimkuta uliyemzika, usiulize, usifikirie, usitazame saa. Mwite. Samaki na waoze.