Moto wa Samaki wa Baba

Msomaji, nivumilie. Shule niliachia darasa la sita, mwandiko wangu unapanda na kushuka, na maneno mengine nayaandika bila uhakika. Lakini juzi, sokoni Koboko, niliona kitu kilichonifanya nitafute kalamu.

Mama mmoja anauza mandazi ndani ya sanduku la kioo. Kona moja ya chini imezibwa kwa lami. Lami hiyo niliiona ikipakwa. Sanduku lile lilikuwa letu, Arua, na ndani yake mlikuwa na samaki.

Baba alikuwa dereva wa ofisi za kilimani. Bwana mgeni aliyekuwa akimwendesha alipofunga mizigo na kuondoka nchini, alimwachia samaki wake wadogo, wekundu na wenye milia. Kulikuwa pia na kijiti cha umeme cha kupashia maji, lakini nyumba yetu haikuwa na umeme, kikabaki kuning'inia msumarini.

"Maji yakipoa wanakufa," Baba alimwambia Haboba, yaani bibi yangu.

Haboba akacheka. "Basi iko kama wewe ulipokuwa mdogo. Leta hapa karibu na jiko."

Miezi ya mvua Arua ina baridi, hasa upepo ukishuka kutoka kilimani. Haboba hakutaka kupoteza kuni. Alisogeza sanduku mbali na mlango, akaliweka juu ya meza iliyotandikwa magunia, akalizungushia godoro kuukuu la pamba, akaacha upande mmoja wa kuchungulia. Kisha akasuka kawa kubwa la rangi, kama lile la kufunikia chakula cha wageni, akalifunika juu. Jioni, maharage yakishaiva, makaa yaliyobaki yalichemsha maji ya chupa mbili. Aliziziba kwa gunzi la mahindi, akazizamisha taratibu, moja kila upande. Kazi yangu ilikuwa kutia kiwiko majini, kama wanavyopima maji ya kuogesha mtoto mchanga.

"Iko aje?"

"Iko sawa, Haboba."

Harufu ya nyumba ile bado ninayo puani: moshi, ubani, na kahawa yenye tangawizi.

Jirani yetu, mama mwenye mdomo mwepesi, alichungulia mlangoni karibu kila jioni. "Mama mzee, hiyo supu yako itaiva lini?"

"Ikiiva, wewe hupati hata mwiba."

Halafu Baba akatumwa Kampala na gari. Aliniambia, "Wewe ndiye kiwiko. Nikirudi nataka kuwakuta wote." Hakurudi. Mvua ziliisha, zikaanza tena. Miaka ile ilikuwa hivyo: mtu anatumwa, harudi, na huulizi kwa sauti.

Kwetu sisi Wanubi, nyumba ikiwa na msiba moto hauwashwi. Majirani ndio wanaopika na kuleta. Wengi mtaani waliona kwamba moto wetu ulipaswa kuzimwa zamani. Siku moja mzee wa jirani alimwambia Haboba kwa upole, "Dada, tumsomee dua sasa."

Haboba alikuwa akipuliza makaa. "Nitazima moto namna gani? Samaki yake itakufa. Akirudi, nitamwambia nini?"

Tangu siku hiyo hata mama jirani aliacha mzaha wa supu. Makaa yalipokuwa shida kupatikana, tulikula kiporo cha baridi ili yatoshe kwa chupa.

Asubuhi moja yenye ukungu, dereva mwenzake Baba alikuja. Alivua viatu, akaketi mkekani, akaongea na Haboba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa uani nikichambua maharage. Alipotoka hakunitazama. Niliingia ndani nikamkuta Haboba amemwagia jiko maji. Mvuke ulikuwa bado unapanda kwenye majivu.

Nilichukua chupa, nikakimbia kwa mama jirani. Mimi ni mtu wa haya tangu zamani. Nikamnyooshea chupa tu. Aliitazama, akatazama paa letu lisilo na moshi, akaketi chini palepale. "Woi, mama mzee," alisema. Kisha akainuka akaijaza maji ya moto.

Nilirudi nimeikumbatia. Haboba aliipokea, lakini hakuiweka majini. Aliiingiza chini ya shuka lake, kifuani.

"Acha, mtoto," alisema. "Mimi pia nasikia baridi."

Samaki walielea mmoja mmoja, huku watu wakija kusoma dua. Kawa lile likafunika chakula cha msiba.

Haboba naye hakukaa sana. Shangazi alinichukua, tukaja kuishi huku upande wa Abuku, si mbali na Koboko, na vitu vya nyumba vikatawanyika. Mama jirani nasikia alivuka kwenda Sudan. Nyumba yetu ina watu wengine, na sijui kama wanajua kwa nini sakafu karibu na jiko ina alama nne za miguu ya meza.

Juzi nilinunua andazi ambalo sikulitaka, ili nipate kuweka mkono kwenye kile kioo. Kilikuwa na joto.

Yule dereva hakuniambia Baba amelala wapi, na Haboba, kama alijua, aliondoka na siri hiyo. Wewe unayesoma, kama ulimwona Kampala dereva mrefu wa kutoka Arua, aliyependa kupiga mluzi, niandikie. Hata kama habari yenyewe ni mbaya. Usiogope mwandiko wako. Mimi nasoma kama ninavyoandika, polepole, lakini nitafika mwisho.