Utani wa Dada Wamweka Fundi Sare Njia Panda

Saa kumi na mbili asubuhi, meza ya jikoni si ya jikoni tena. Imefunikwa karatasi ya kahawia ukingo hadi ukingo, na pembe zake nne zimekandamizwa kwa pasi, sufuria, kopo la chumvi na kiatu kimoja cha mtoto. Mwanaume mwembamba, ambaye mtaani wanamwita Mkasi, anainama, anapima, anachora mstari wa bega la shati la shule. Ana saa moja na nusu. Baada ya hapo binti yake wa miaka mitatu atadai mkate wake, na mbele ya mkate huo hakuna cheo cha fundi.

Shati hilo halitavaliwa hapa. Mkasi anaishi katika nchi ya mkewe, ambaye ni dereva wa basi. Michoro huituma kwao, kwenye karakana ya dada yake mkubwa, ambako mafundi kumi na mmoja hushona sare za shule. Kila tarehe tano dada humlipa kupitia benki.

"Mimi ndiye fundi wa kumi na mbili," anasema. "Tofauti ni kwamba wenzangu wakichelewa kazini wanaonekana."

Kibali chake cha kukaa, alichopewa kwa sababu ya ndoa, kinaisha mwisho wa mwezi huu. Ili aongezewe miaka miwili, sheria inamtaka athibitishe, kwa miezi kumi na miwili mfululizo, kuwa ana kipato kutoka nje kisichopungua kodi ya nyumba yao mara mbili. Mkasi anavuka kiwango hicho kwa bei ya mikate minne. Alikwenda ofisi ya uhamiaji kifua mbele, ndevu amenyoa, karatasi zote mkononi.

Kilichomponyoka ni kisanduku kidogo kwenye taarifa ya benki, kile cha "sababu ya malipo".

Dada yake, ambaye mafundi wanamheshimu na kumwogopa kwa kipimo kilekile, hakuwahi kuandika humo neno "mshahara". Januari aliandika: "Pole ya kuolewa." Kwake yeye, mwanaume aliyehamia kwa mkewe ameolewa, na hukumu hiyo haina rufaa. Februari: "Sadaka kwa fukara wa ughaibuni." Machi: "Mahari, awamu ya tatu." Mei: "Nauli ya kumtoroka mkeo."

Ofisi ilitaka tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Mtafsiri huyo, mja mwadilifu, hakuacha hata nukta.

"Bwana," afisa alimwambia, miwani ikiwa nchani mwa pua, "sadaka si kipato. Mahari nayo si kipato. Na hii nauli ya Mei, kwa kuwa mkeo yupo, ningependa tuizungumze."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake.

"Unaifahamu?" afisa akamuuliza.

"Naifahamu. Mimi ndiye niliyemwambia wifi aandike hivyo. Tulikuwa tumegombana kwa sababu ya meza yangu. Kila nikitaka kukatia vitunguu nakuta bega la mtu."

Afisa aliandika jambo refu kwenye faili. Mkasi anasema hajawahi kuiogopa kalamu kiasi kile. Walipewa siku kumi na nne kuthibitisha kwamba mshahara ni mshahara na ndoa ni ndoa. Wakishindwa, yeye aondoke nchini.

Walipotoka tu nje akampigia dada.

"Da' mkubwa, umeniua."

"Nimekuua vipi, na pesa umekula?"

"Wanasema ni sadaka."

"Kwani huyo afisa hana dada?"

"Da', watanifukuza. Nitamwacha mtoto huku."

Kicheko kilikatika upande wa pili. Kisha dada akauliza uhamiaji wanataka nini kwa maandishi, kwa sauti ambayo Mkasi hakuwahi kuisikia tangu siku walipomzika baba yao.

Siku ya tatu ilifika barua ya kurasa nne, yenye muhuri wa karakana na sahihi ya wakili, pamoja na nakala za daftari la mishahara, ambamo Mkasi yumo mstari wa mwisho. Ndani yake dada anaeleza utani wake mmoja baada ya mwingine, kwa uzito wa shahidi wa kesi ya mauaji. "Kuhusu neno sadaka," ameandika, "mlipwaji si fukara, bali nilitaka ajione hivyo." Mzaha ukishaelezwa hufa. Dada aliua mizaha kumi na miwili kwa mchana mmoja.

"Watu wanacheka, na mimi nacheka," anasema Mkasi, akiikunja karatasi taratibu. "Lakini simu zetu ni za dawa za mama, bei ya vitambaa, vipimo vya kola. Mle kisandukuni ndimo alimokuwa ananisemesha kama zamani. Desemba aliandika, 'Fidia ya kiti chako kilicho wazi.' Hilo sikumsomea mtu."

Malipo ya mwezi huu yaliingia tarehe tano kama kawaida. Sababu: "Mshahara."

"Nililitazama sana lile neno. Niliona kama nimelipwa na mtu baki."

Faili sasa lina wiki tatu mezani kwa afisa. Hakusema ndiyo wala la. Alisema jibu litakuja kwa barua. Wakimwongezea muda, Mkasi ana mpango mmoja: kutengeneza meza ya pili, aiweke chini ya dirisha la chumbani, mkewe arudishiwe jiko lake. Mbao ameshaulizia bei.

Na wakikataa?

Mkasi anashughulika na rula. Swali hilo analijibu mkewe, ambaye amekwishavaa sare za kazi na anamfunga mtoto kamba za viatu.

"Nimeshamuuliza wifi ni karatasi gani nitatakiwa kupeleka uhamiaji kule kwenu," anasema. "Kasema nianze na cheti cha ndoa."

Mkasi anageuka. Uso wake unaonyesha kuwa ndiyo kwanza anasikia.

"Umemuuliza lini?"

"Siku ileile aliyoandika barua. Kwani ulidhani ungeondoka peke yako? Hebu sogea, nachelewa kazini."