Fahali wa Arusi ya Khairiya

Mwaka wa arobaini na saba, nusu ya Temeke ilikula nyama kwa kisu cha Marijani. Alikuwa mchinjaji wa Bwana Matar, Mwarabu aliyeuza nyama na kununua ngozi kando ya barabara ya Kilwa. Hakuna aliyemwuliza Marijani kama mnyama alitajiwa jina la Mungu, wala kama alikuwa na uhai kisu kilipomfikia. Kisu kikiwa chake, maswali yalikwisha. Nyumba alipanga, baiskeli aliazima, lakini jina lake lilikuwa safi, na hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo.

Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda vita asivyopigana yeye.

Kila alasiri wanaume walikaa kwenye benchi la Mzee Masoud, muuza kahawa, wakiwapiganisha wanyama kwa mdomo. Kila mtu alimsemea mnyama wake: huyu kiboko, yule chui, mwingine chatu. Mzee Masoud ndiye aliyekuwa hakimu. Aliyeshindwa alibeba jina la mzoga wa mnyama wake mpaka Ijumaa, na watoto wa mtaa mzima walikuwa na ruhusa ya kumwita hivyo.

Marijani alimsemea nyati, na kwa miaka mitatu nyati huyo hakufa. Alimpasua simba matumbo, akamkanyaga chatu mpaka akawa uji, akamtoboa kiboko pafu. Marijani alisimulia akionyesha kwa mikono, maana alijua vema nyama inavyochanika. Wasikilizaji walicheka na kusonya kwa kinyaa, kisha wakaomba aongeze. Mtu akizoea kufurahia damu ya maneno, hachelewi kuiona kahawa chungu bila hiyo.

Ndipo akaja Anselmo, mchuna ngozi kutoka Lindi. Alikuwa Mkristo, kwa hiyo hakugusa kisu cha kuchinjia. Ujanani alikuwa amechimba mifupa ya kale kwa Waingereza kule Tendaguru, mfupa mmoja wa paja ukimpita mtu kimo.

"Mie nina mnyama," alisema Anselmo siku moja. "Amekufa kabla ya Adamu. Mgongo wake una miiba, na mkia wake una miiba mirefu kama mikuki."

"Mifupa haipigani, bwana!" Marijani alicheka.

"Mvike nyama, kisha mlete nyati wako."

"Nyati wangu haji kwa mkia. Anapita ubavuni, anachoma chini ya mbavu."

"Ubavuni ndiko mkia unakomsubiri, shehe. Unazunguka mara moja tu. Mwiba mmoja jichoni, wa pili kooni. Nyati anarudi nyuma, utumbo unaning'inia miguuni, anaukanyaga mwenyewe."

Benchi zima lilipiga kelele. Mzee Masoud alimwaga kahawa kidogo chini, dalili ya kifo. "Nyati ameanguka," alisema.

Wiki ile watoto walimfuata Marijani hadi mlangoni: "Mzoga wa nyati! Mzoga wa nyati!" Mkewe, Mwanabaraka, alicheka, naye Marijani hakula chakula cha usiku. Ijumaa ilipofika jina lilikoma, lakini kinyongo kilibaki. Alitaka kuthibitisha kwamba pembe hushinda mkia, kana kwamba Mungu angemwuliza hilo kaburini.

Juma la pili Bwana Matar alikuwa akimwoza binti yake, Khairiya. Fahali mwekundu alifungwa uani nyuma ya bucha, achinjwe asubuhi ya karamu. Asubuhi hiyo Bwana Matar alikwenda mjini kuchukua mchele. Saa mbili wakaja Warufiji na mkokoteni, juu yake mamba mzima wa mikono saba, amefungwa taya na miguu, wakitaka kuuza ngozi yake. Walimshusha uani, wakaenda kutafuta chai.

Anselmo alimtazama mamba, kisha fahali. "Huyu ndiye mjukuu wa mnyama wangu," alisema kwa utani. "Mkia ule ule."

"Na yule ni ndugu yake nyati," alijibu Marijani. Hakuwa akitania.

Mzee Masoud, aliyekuwa amewaletea kahawa, aliliweka birika chini. "Vita vya mdomo havimwagi damu. Muacheni mamba, wanangu."

"Mzee, dakika moja tu. Fahali amefungwa, na mamba wa nchi kavu hana nguvu," alisema Marijani.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Marijani alichukua kisu chake cha kuchinjia, kile kile, akakata kamba za miguu, kisha kwa ncha akakata kamba ya taya na kuruka kando.

Fahali alinusa harufu ya mto mwilini mwa mamba, akapandisha kichaa. Aliinamisha kichwa, akachoma. Pembe ilimtoboa mamba jicho, ikatoka na utelezi mweupe. "Umeona!" Marijani alipiga ukelele. "Umeona pembe!" Fahali akarudi kuchoma tena. Mkia ukazunguka, ukamvunja mguu wa mbele, naye akapiga magoti. Taya zikamdaka puani. Alilia kwa sauti ambayo Marijani, katika miaka yake yote ya kazi, hakuwahi kuisikia kwa mnyama. Mamba akajiviringisha mara moja, ngozi ya uso ikachanika hadi machoni. Akajiviringisha mara ya pili, na shingo ikalia ka!

Anselmo alikimbilia shoka, akampasua mamba fuvu kwa mapigo manne. Marijani alimrukia fahali. Alimgusa mboni ya jicho kwa kidole, jicho halikupepesa. Hata hivyo akasema Bismillahi, akakata. Damu haikuruka. Ilitoka taratibu, kama togwa inayomwagika mtungini.

Mzee Masoud aliokota birika lake, akaondoka.

"Tuseme alikuwa hai," Anselmo alinong'ona.

"Nyamaza. Chuna."

Bwana Matar alirudi, akaona uso uliochanika. "Marijani! Nini hiki?"

"Mamba alikata kamba, bwana."

"Ulimuwahi?"

Marijani alitazama kisu. "Nilimuwahi."

"Alhamdulillahi. Kama umesema wewe, sina swali."

Afadhali angemwuliza. Nyama ilikatwa, ikaingia kwenye masufuria makubwa. Wageni walifika kutoka Mbagala na hata Kunduchi, wazee kwa watoto, wakapangwa mikekani. Marijani alikaa pembeni akiwahesabu wale ambao angewalisha kibudu, mzoga uliokatazwa, kwa sababu ya ubishi wa benchi. Kisha Mwanabaraka akaja amevaa kanga mpya, mkononi bakuli la mchuzi. Mchinjaji hupewa la kwanza.

"Onja, baba," alisema kwa fahari. "Wamesema bila wewe arusi ingeharibika."

Marijani alilipiga bakuli likapasuka. Aliwapita wapishi, akaushika mdomo wa sufuria la kwanza kwa mikono mitupu, akalipindua. Mchuzi wa moto ulimwagika kwenye paja na mguu wake, ngozi ikabambuka kama ya nyanya iliyochemshwa. Akalipindua la pili.

"Msile!" alipiga yowe. "Ni kibudu! Alikufa kabla ya kisu!"

Kaka yake bibi arusi alimpiga mwiko wa sufuria kichwani. Wengine wakamwongezea mateke, hata Bwana Matar alipofika na kuwatawanya, jino moja lilikuwa limelala kwenye majivu.

"Nani alimfungua mamba?" Bwana Matar aliuliza kwa upole wa kutisha.

"Mie. Kwa kisu hiki."

"Na uliniambia ulimuwahi."

"Nilikudanganya, bwana."

Bwana Matar alikichukua kisu, akakifuta, akampa mpwa wake. Wageni walikula wali na dagaa walioombwa kwa majirani.

Wapo waliosema Marijani alitubu, na kutubu kunafuta. Ni kweli, kwa Mungu. Kwa wanadamu, hadi anazeeka alipasua kuni Mbagala kwa mguu uliokunjamana, na hakuna aliyempa tena mnyama. Sikukuu zilipofika, Mwanabaraka alimkamata kuku wake, akampitisha mbele ya mumewe aliyekaa kizingitini, akaenda kuchinjiwa kwa jirani. Marijani alivuta mguu wake ampishe.