Orodha Iliyoita Ng'ombe Badala ya Wenyewe

Nikikumbuka siku ile ya kijijini Nainokanoka bado natamani kujifunika shuka uso mzima, maana aibu ile niliitengeneza mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nimeajiriwa kwenye mradi wa chanjo ya mifugo, na ofisi yetu ya Karatu ilikuwa imepata kompyuta moja (tukiifunika kitambaa cha kudarizi kama redio ya sebuleni). Kazi yangu ilikuwa kuhamishia taarifa za wafugaji kwenye faili la maandishi, ili programu nyingine ichape orodha ya majina. Mashine ikauliza nitenganishe safu kwa alama gani, na yenyewe ikapendekeza mkato. Nikawaza siku tatu: mkato, nukta mkato, au mstari wima? Siku ya nne dereva akapiga honi, nikaukubali mkato, nikachapa, nikapanda gari bila kuisoma karatasi.

Kumbe safu ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe, na wazee wa kule hawapendi kuhesabu mifugo, humtaja kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake, nami nilikuwa nimeandika vivyo hivyo, nikitia mkato kati ya ng'ombe na ng'ombe. Kila mkato ukazaa safu mpya, na kwenye safu ya pili, mahali pa jina la mtu, pakakaa ng'ombe.

Basi nikasimama mbele ya watu na makundi yao, barafu ya chanjo ikiyeyuka sandukuni (na nyingine haiji mpaka mwezi ujao), nikasoma kwa sauti ya kisomi: "Mwekundu aliyevunjika pembe, apite mbele."

Kicheko kikalipuka, na mama mmoja akauliza kama huyo mwekundu aje na kitambulisho.

Nilishageuka nirudi garini. Mzee Lemali, aliyekuwa akipanga foleni, akanishika mkono.

"Soma tu, kijana. Huyo ni wa Mama Nashipai. Ng'ombe tunawajua sote."

Nikasoma, na kwa kila ng'ombe watu wakamtaja mwenyewe, naye akasogeza kundi lake, hadi wote wakachanjwa na barafu ikiwa bado imebaki kidogo.

Niliporudi Karatu niliweka mstari wima uwe chaguo la kudumu, kwa sababu hakuna anayemtaja ng'ombe kwa mstari wima. Na siku hizi nawaza dakika tatu tu, muda unaobaki naisoma karatasi. Hata hivyo, nikifika Nainokanoka, Mama Nashipai hunipokea kwa salamu moja: mwekundu anauliza kama leo ameitwa.