Hodi Katika Nyumba ya Makumbusho

Siku ya kwanza kazini nilipewa jembe, panga na onyo. Mkuu wa makumbusho, tuliyemwita Shefu, alinionyesha bustani, kisha nyumba ya kale iliyojengwa katikati yake: nyumba ya duara yenye paa la ishinge, yaani nyasi ndefu za kuezekea, ndani ya rugo, ua wa matete yaliyosukwa.

"Mule ndani apana kukaa," alisema. "Ni ya kuangalia tu. Nikikukuta umekaa, unarudi kwenu Buyenzi."

Nilimwelewa. Mimi ni mkubwa wa yatima wanne. Shule niliiacha mapema, na nyumba ya wazazi ilichukuliwa na baba wadogo. Katika chumba cha kupanga, wadogo zangu walikula kwa jembe hilo.

Miaka ikapita nikipalilia, nikibadilisha ishinge iliyooza. Siku moja alifika mzee kutoka milimani, na mjukuu wake anayefanya kazi mjini. Wageni wengine waliinama wakaingia. Yeye alisimama penye mlango wa rugo, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena.

"Babu, ingia tu, hakuna mutu."

"Hakuna mtu? Basi niingie kama mwizi? Twende nyumbani."

Mjukuu alinigeukia, machozi yakimlengalenga. "Kaka, alizaliwa mu nyumba kama hii. Ametoka mbali kuiona."

Sijui nini kilinisukuma. Nilizunguka nyuma, nikapenya kwenye pengo la matete niliyokuwa nikitengeneza, nikaingia ndani ya nyumba, nikakaa kwenye kigoda. Hodi ilipokuja tena, nikajibu: "Karibu!"

Mzee aliingia, akaketi, akauliza habari za watoto. Nikamwambia watatu, wazima. Akauliza ng'ombe. Nikasema wako malishoni. Nikampa maji ya bomba katika kibuyu.

"Pombe ya nyumba hii ni nyepesi sana," alisema, mjukuu akacheka.

Ndipo Shefu alipoingia. "We! Nilikuambia nini?"

Mzee akageuka. "Huyu nani, anaingia kwa watu bila hodi?"

Shefu alinitazama, akamtazama mzee, akatoka. Nilijua kazi imekwisha; nikawaza wadogo zangu watakula nini. Kisha nikasikia nje sauti ya chini: "Hodi."

Nikijibu, nimemdharau mkubwa wangu. Nisipojibu, je? Mzee akanigusa kwa fimbo. "Mwenye nyumba, una mgeni."

"Karibu, Shefu."

Hakunifukuza. Tangu wiki iliyofuata kazi yangu ikawa kukaa mule ndani na kuitikia hodi za wageni, mpaka nilipostaafu. Wadogo zangu walisoma kwa kazi hiyo, wakaolewa, wakaoa. Mimi bado napanga chumba.

Siku ya mwisho niliinuka kwenye kigoda nikakwama. Mgeni huaga, mwenye nyumba hutoka tu, kwa kuwa atarudi. Mpaka leo sijui nilipaswa kuwa yupi. Nilifagia sakafu, nikatoka bila kuaga.