Jiko Lililovunjwa kwa Ajili ya Kiyoyozi

Nikikumbuka siku tuliyonunua kile kiyoyozi cha nyumba nzima, naona kinyaa. Tunduma, jamani! Mji ambao mwezi wa sita ukitoka bila sweta unarudi meno yanagongana. Sisi tukatoa pesa yetu kununua baridi.

Aliyeanza ni mume wangu. Kazi yake ni kutoa mizigo forodhani, na Mzambia mmoja anayefanya naye biashara alimkaribisha nyumbani kwake Lusaka. Aliporudi hakuwa na hadithi nyingine. "Mama watoto, ukutani huoni mashine! Matundu tu kwenye dari, na hewa inashuka kila chumba!" Nikamwambia Lusaka kuna joto, sisi hapa tunalala na mablanketi mawili mawili. Akasema nina ushamba. Neno hilo lilinichoma, nikakubali. Na nisijisafishe hapa: nilishaanza kuwaza wageni wakiinua macho kutazama dari yangu.

Muuzaji alikuja kutoka Dar es Salaam na kitabu cha picha. Alipima vyumba, akahesabu madirisha, akauliza tuko watu wangapi. Hakuuliza hata mara moja kama huku kuna joto. Angeuliza vipi, na mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi langu na koti limefungwa mpaka kidevuni? Anapuliza chai, anatuuzia baridi, na sisi tunatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mpaka leo nikiikumbuka ile picha natamani kutema mate.

Mashine kubwa ya nje, akasema, ikae nyuma ya nyumba, mahali pasipo na moshi. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la mama mkwe wangu.

Mama alihamia kwetu kutoka Mbebe, huko milimani Ileje, baada ya baba mkwe kufariki. Alikubali kuja kwa sharti moja tu, ajengewe jiko lake la kuni. Halikuwa la kupikia peke yake. Juu ya mafiga alitundika mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakae humo tangu mavuno mpaka mvua za kupandia. Moshi ndio ulioyalinda na wadudu na panya. Mbegu hiyo alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na yule naye alipewa na wake. Kule kwao, aliyeharibikiwa na mbegu alikuja kuomba kwake.

Mavuno ya mwaka ule, alipomaliza kuchagua, aliniita jikoni akanionyesha yale mahindi yaliyoning'inia. "Mwanangu, macho yangu yamechoka. Mwakani utachagua wewe. Haya sasa ni yako." Nikasema asante, Mama. Nilisema nimeziba pua kwa kitenge, maana nilikuwa nimetoka kusuka na sikutaka nywele zinuke moshi.

Mume wangu, pamoja na sifa zake zote, alisita. Alisema mashine inaweza kukaa upande wa tangi la maji, waongeze tu bomba. Ni mimi niliyesema, kwa mdomo wangu huu, jiko livunjwe. Nilisema masizi yanachafua ukuta. Nilisema Mama atapikia gesi kama watu wengine.

Mama hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, "Na mbegu zitakaa wapi?" Nikamjibu haraka haraka kwamba darini kuna nafasi tele, pakavu kabisa, hata vumbi halifiki. Fundi mwenyewe alizipandisha, akazilaza kando ya yale mabomba ya bati ya kupitishia hewa, yaliyovikwa sufi laini. Hivi kweli, mimi niliyezaliwa Mbozi kwenye nyumba ya wakulima, sikujua mahindi yasiyo na moshi yanaita nini? Nilijua. Nilijifanya sijui kwa sababu fundi alikuwa anasubiri jibu.

Panya walianza kusikika baada ya wiki chache. Mume wangu akatupa sumu darini, akafunga mfuniko, akasema yamekwisha.

Mwezi wa kumi, joto lilipojitokeza kidogo, tukawaalika wazee wa kanisa waje kuiombea nyumba baada ya ibada ya Jumapili, na mashine iwashwe mbele yao kwa mara ya kwanza. Nilipika wali, kuku, ndizi, kila kitu. Mezani palijaa. Mume wangu akashika rimoti kama mtu anayezindua daraja, akawaambia, "Wazee, tazameni juu." Wakatazama juu.

Kwanza zilishuka pumba. Zikafuata nywele za panya na mavi yao makavu, yakatua kwenye wali. Halafu ukaja uvundo. Loo! Siwezi kuuelezea, na nisingependa uuelewe. Panya walikuwa wamezaana ndani ya ile sufi, wakatoboa mabomba, wakala sumu na kufia humo humo, na sasa mashine yetu ya fahari inatusambazia mizoga chumba kwa chumba, sawasawa kabisa, kama muuzaji alivyoahidi. Mzee mmoja alikimbilia nje akatapika kwenye maua yangu. Mume wangu alikuwa anabonyeza rimoti hovyo, na kila alipobonyeza hewa ilizidi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nikageuka nikamwona Mama. Hakuwa ameziba pua. Alikuwa ameshaweka kiti chini ya mfuniko wa dari, na macho yake yaliyochoka yanatazama juu.

"Nishushieni mbegu," akasema.

Yalishuka magunzi. Mume wangu aliyashusha kwa ndoo, yamelowa mikojo ya panya, na Mama akakaa uani akaokota moja moja, akiligeuza, akipitisha kidole gumba kwenye kila mstari kutafuta punje. Aliyapitia yote. Nilichuchumaa karibu yake nikitaka kusaidia, akaniambia, "Wewe nenda kwa wageni, mwanangu." Wageni walikuwa wameshaondoka.

Kabla ya mvua alifunga safari ya Mbebe. Yeye, ambaye watu walikuwa wakija kwake, alipita nyumba kwa nyumba kuomba. Wengi walishahamia mbegu za dukani. Alirudi na mahindi manne ya mbegu ile, ameyafunga kifuani ndani ya kitenge. Manne tu. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki pale barabarani, nikatoka mbio kumpokea. Alinisalimia vizuri, akaniulizia watoto, akapita geti letu, akaenda kwa jirani wa tatu, mama mmoja wa Kinyiha anayepikia kuni mpaka leo. Akaomba kutundika mbegu zake huko.

Niliona aibu mpaka nikajichukia. Jioni ile ile nilimwambia nitamjengea jiko lingine, wiki hiyo hiyo, nikiisukuma ile takataka ya mashine kwa mikono yangu. Alinitazama kwa upole. Afadhali angenitukana.

"Jenga, mwanangu. Likishashika masizi, nitahamisha mbegu."

Nimelijenga. Kila asubuhi nafunga kitenge kichwani, nawasha kuni humo hata kama sina cha kupika, nakaa macho yakinitoka machozi. Kisha nainua uso kutazama paa. Mabati bado yanang'aa.